Noah ya Chini ya Mparachichi

Hasamba, wilayani Mbozi, nyuma ya banda la mahindi la jirani yetu, kuna Toyota Noah imekalishwa juu ya mawe manne chini ya mparachichi. Matairi yaliuzwa siku nyingi. Taa ya kushoto haipo, kioo cha pembeni kimefungwa kwa waya, na siti ya kati, ile ya abiria watatu waliolipa na wa nne aliyeambiwa "sogeeni kidogo tu", kuku wanatagia. Mlango wa ubavuni bado unateleza. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani kwenye msiba wa shangazi niliushika kitasa nikauvuta, ukafunguka kwa mlio ninaoujua tangu kidato cha kwanza: unakwama kidogo kama mtu anayesafisha koo, unaserereka kwenye reli yake, halafu unagota. Nilisimama pale mkono ukiwa kwenye kitasa, watu wananisubiri kwenye maziko, nikawa na hakika kwamba gari hili litakuja kutafutwa.

Sisemi kutafutwa kwa ajili ya spea. Hilo linafanyika tayari, ndiyo maana taa haipo. Nasema litatafutwa na watu watakaotaka kuliona zima, likiwa na rangi yake na siti zake, kama wanavyotafutwa leo Volkswagen ya mgongo wa kobe na Peugeot 504. Na kwa jinsi tunavyoenda, watakapoanza kulitafuta hawatalikuta.

Kwetu Mbozi habari ya magari ni habari ya barabara moja, hii itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Babu mzaa mama aliikuta ikiwa vumbi kiangazi na tope masika. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ilibanwa kwenye njia yake ya kusini. Mafuta yakaanza kuingia kupitia kwetu, na shaba kutoka kupitia kwetu, kwa malori, juu ya barabara ambayo haikujengwa kwa kazi hiyo. Madereva wakaibatiza njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaanzishwa Zambia Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat kutoka Italia yenye matela, na hayo ndiyo magari ya kwanza ambayo watoto wa Mbozi walijifunza kuyataja kwa jina. Babu alikuwa akieleza jinsi tope la masika lilivyoyameza hadi ekseli, na wanakijiji wakiitwa kuvuta kamba kwa malipo ya sukari. Bomba la TAZAMA lilipoanza kupitisha mafuta mwaka 1968, na lami ikafuata, na Wachina wakaijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, Fiat zile zikaisha taratibu. Sijui gereji yoyote ya huku ambako utaiona hata moja leo. Hilo linaniuma, kwa sababu zilistahili kuwekwa mahali mtoto wa Vwawa akaweza kuzigusa.

Baada ya Fiat ilikuja miaka ya uhaba. Gari kijijini lilikuwa Land Rover ya serikali, ya misheni au ya chama cha ushirika kilichonunua kahawa. Mtu wa kawaida alipanda lori la mazao, akikaa juu ya magunia. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, zikaanza kuonekana pikapu za watu binafsi, na Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 mlango ukafunguka zaidi. Pikapu zikawekewa mabenchi mawili na turubai. Baadaye zikaja Hiace, kizazi kile kilichotoka mwaka 1989, ambacho watu wa Dar es Salaam walikiita kipanya. Hiace nazipita haraka. Si kwamba hazikufanya kazi kubwa, ila hizo tayari zina wapenzi wao dunia nzima, na hazihitaji mtu wa Hasamba kuzisemea.

Noah ilitufikia kwa njia nyingine, na hapa inabidi nieleze kitu ambacho aliyekulia kando ya barabara hii amekiona tangu utotoni. Kila siku magari ya mtumba kutoka Japani yanashushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa mpaka Tunduma, moja moja au kwa msururu, kwenda Zambia na Kongo. Tunayaita IT. Ndani anakuwa dereva mmoja na kifurushi chake cha nguo, siti zikiwa bado na nailoni. Mengine yana vibandiko vya Kijapani kwenye kioo, na mengine yana kifaa cha kulipia barabara za kule ambacho kila gari likiwashwa kinasema maneno kwa sauti ya mwanamke. Sisi watoto tulikaa kwenye kingo za barabara tukihesabu: nyeupe zangu, za fedha zako. Tulijifunza maumbo ya magari kabla hatujajifunza ramani ya Afrika. Nadhani hakuna watoto wengi duniani walioona aina nyingi za magari ya Kijapani zikipita mlangoni kwao kama watoto wa Vwawa, Mlowo na Mpemba, na yote yakienda kwa watu wengine.

Sababu ya magari hayo kuuzwa yakiwa bado na nguvu iko Japani kwenyewe. Gari jipya dogo linakwenda ukaguzi baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Gari likifikisha miaka kumi hivi, mwenyewe anaona heri aliuze. Usukani wao uko kulia kama wetu. Basi kitu kilichochosha familia ya Osaka kinafika Mbozi kuanza maisha.

Noah ninayoisema ilianza kuuzwa kule Oktoba 1996 kwa majina mawili, TownAce Noah na LiteAce Noah, ikaendelea hadi 2001. Ilikusudiwa familia: watu saba au wanane, safari za mwisho wa wiki. Injini iko chini ya siti za mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na mlango wa kuserereka uko upande mmoja tu, kushoto. Wajapani waliuweka kushoto kwa sababu na wao wanaendesha kushoto, abiria ashukie pembeni badala ya katikati ya barabara. Kwa konda wa stendi ya Vwawa huo ulikuwa mlango wa basi uliokwisha kutengenezwa.

Nyingi za petroli zilikuwa na injini ya 3S, ya lita 2. Fundi mmoja wa Mlowo, ambaye nilishinda gerejini kwake likizo nzima nikimshikia tochi, alinionyesha kwa nini anaipenda. Alisukuma siti ya dereva nyuma, akafungua lachi, akainua kifuniko, na joto likatupiga usoni pamoja na harufu ya oili. "Tazama," akasema, "bloku yote chuma cha kumwaga." Kisha akanieleza habari ya mkanda wa taimingi. Kwenye injini nyingi mkanda huo ukikatika, pistoni zinagonga vali na kuzipinda, na hapo mwenye gari anauza ng'ombe. Kwenye 3S mkanda ukikatika injini inazima, basi. Unavuta gari hadi kwenye kivuli, unafunga mkanda mpya, unaondoka. Alisema maneno hayo kwa heshima, kama anayemsifu mtu aliyemtendea wema, na mimi nikiwa na miaka kumi na mitano nikaelewa kwamba kuna mtu fulani mbali sana, mbele ya meza ya kuchorea, aliyefikiria siku yetu mbaya kabla haijatufika.

Abiria aliyekaa katikati, kati ya dereva na wa dirishani, aliwekewa kimto juu ya injini. Nauli yake ilikuwa ileile, na alishuka Tunduma mapaja yakiwaka moto. Asubuhi za Juni, Mbozi ikiwa na baridi ile inayofanya mikono ife ganzi, watu waligombea nafasi hiyo.

Katika Noah hizo ndipo maisha yetu yalipopita. Mama yangu alisafirisha maharage kwenda soko la Mlowo, gunia likisimamishwa nyuma ya siti ya mwisho na kuku wawili juu yake. Wakati wa kahawa, kuanzia mwezi wa tano, gari zima lilinuka maganda na jasho la magunia. Nakumbuka usiku mmoja wa Februari, mvua imenyesha siku tatu na udongo wetu mwekundu umekuwa kama sabuni. Mke wa jirani alishikwa na uchungu. Mwenye Noah hakuuliza nauli. Tulikuwa wanaume na wavulana tisa tunasukuma kwenye kilima, tukiweka magunia matupu na majani ya migomba chini ya tairi za nyuma, yeye akikanyaga mafuta kidogo kidogo, taa zikimulika mvua. Kila gari lilipoteleza pembeni, mama mkwe aliyekuwa ndani alitaja jina la Mungu kwa sauti. Mtoto alizaliwa hospitalini alfajiri. Leo ni msichana wa sekondari.

Magari hayo yalifika kwetu na namba A, kisha namba B. Asiyekaa Tanzania hataelewa ni kiasi gani herufi hiyo inasema. Tunahesabu umri wa gari hapa nchini kwa herufi ya kwanza ya zile tatu za mwisho kwenye kibao chake, na mtu akikuambia "ni namba B lakini haijachoka" amekwisha kukupa wasifu mzima. Redio zake hazikushika stesheni nyingi, kwa kuwa FM ya Japani wakati huo ilianzia 76 na kuishia 90, hadi ufungiwe kifaa cha kuongeza masafa. Noah ya jirani yetu haikufungiwa. Tulisafiri nayo miaka yote tukisikia stesheni moja.

Halafu ikaja Noah mpya, ile iliyotoka Novemba 2001 na kufika kwetu miaka mingi baadaye. Ina milango ya kuserereka pande zote mbili, injini imehamia mbele, sakafu imeshuka, na tairi za mbele ndizo zinazovuta. Ni gari zuri. Nyingi, hata hivyo, zilikuja na injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na pampu hiyo inataka petroli safi. Na petroli yetu ya wakati ule? Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, na wapo waliochanganya. EWURA, mdhibiti wa biashara ya mafuta, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa hadi kukaribiana na ya dizeli ili uchakachuaji usiwe na faida. Kabla ya hapo, na vijijini hata baada ya hapo ambako petroli iliuzwa kwa chupa juu ya meza, D4 ziliumwa. Mafundi wakazipa jina baya. 3S ilimeza kila kitu, ikakohoa, ikaendelea, na ndiyo maana Noah ya zamani iliishi muda mrefu huku kwetu kuliko mwenzake aliyezaliwa baadaye. Wakosoaji watakaopanga magari haya kwa mwaka na kwa nguvu za farasi hawataliona jambo hilo, kwa sababu halikuandikwa kwenye karatasi ya kiwanda.

Vijana wa mjini ukiwauliza ni gari gani la wakati wetu litakalopendwa baadaye, watakutajia Altezza, Subaru, na Mark II, hasa ile Grand. Hawakosei. Chaser ya JZX100, ndugu ya Mark II, yenye injini ya 1JZ na turbo inauzwa ghali mno duniani leo, kwa ajili ya wale wanaoserereka kwenye kona kwa mchezo. Marekani wana sheria inayoruhusu gari la nje kuingia likifikisha miaka 25 bila kutimiza masharti ya magari mapya, kwa hiyo kila mwaka mpya kundi jingine la magari ya Kijapani linapandishwa bei kwa mpigo. Noah za mwanzo zimekwisha kuvuka umri huo. Tofauti ni kwamba mapenzi ya Mark II yatatunzwa na wageni, hata tukiyatupa sisi. Gari lililosukumwa kwenye tope la Hasamba hakuna mgeni atakayejua kwa nini lilikuwa na thamani.

Probox nayo naiweka katika daraja hilohilo. Ilitoka Julai 2002 kama gari la kazi, la mafundi umeme na wapeleka mizigo wa Japani, na haikujaribu kuwa kitu kingine. Injini yake ya 1NZ ina cheni badala ya mkanda. Kule Kenya imebeba mirungi, maziwa na abiria kupita kiasi chochote alichofikiria mchoraji wake. Huku kwetu imeingia kwenye kazi ya mchomoko, gari dogo linalochomoka na abiria wake kabla basi halijajaa, mara linazuiwa, mara linavumiliwa, watu wanne nyuma na mtoto mapajani. IST, iliyotoka mwaka huohuo wa 2002, ni ya aina nyingine: ndilo gari la kwanza la mwalimu, la nesi, la binti aliyepata ajira. Wamarekani waliuziwa ileile kwa jina la Scion xA. Nikiona IST namba C imeegeshwa nje ya shule naona mkopo uliolipwa kwa miaka minne, na mama mzazi aliyepandishwa mbele Jumapili ya kwanza kwenda kanisani. Wajukuu wa mama huyo watalitaka gari hilo. Watataka na pikipiki za Kichina za kwanza kabisa, zilizofanya bodaboda kuwa kazi kabla kanuni za mwaka 2010 hazijaitambua, na hizo ndizo zilizoisha kuliko vyote, maana pikipiki ikifa inageuka vipande siku hiyohiyo.

Mwenye shaka kwamba mambo haya hutokea kwetu akumbuke Arusha, Oktoba 2024. Mamia ya Land Rover yalikusanyika kwenye tamasha lao, mengine ya miaka ya sitini, yamepakwa rangi upya, wenyewe wakiyapangusa kwa vitambaa. Hizo ndizo Land Rover zilezile za bwana shamba na za misheni, zilizochukiwa kwa kuvuja oili na kutingisha mgongo. Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Haikupita hata miaka kumi watu wakafunga safari ndefu kwenda kuzitazama. Ila Land Rover ilikuwa na bahati: bodi yake ni ya alumini, haioti kutu upesi, na waliokuwa nazo mara nyingi walikuwa na mahali pa kuziweka. Noah ni bati. Wenye nazo ni watu ambao gari likisimama wiki mbili mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada. Ikifa inauzwa mlango, kisha gia, kisha injini inakwenda kwenye mashine ya kukoboa, na bodi inapimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Nimezihesabu. Desemba iliyopita nilikaa stendi ya Vwawa asubuhi nzima, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano, nikiandika kwenye daftari. Coaster nyingi, Noah mpya nyingi, Probox, bajaji. Noah ya mlango mmoja zilipita mbili. Wakati nasoma sekondari tungechoka kuzihesabu kabla ya saa moja.

Siku ya tatu baada ya maziko ya shangazi nilirudi kwa jirani. Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, mkewe akatuletea chai na mahindi ya kuchemsha. Nilimwambia, "Baba, ile Noah ninaitaka."

Akauliza kama nataka injini. Nikasema nataka yote.

"Na matairi haina."

"Najua, baba."

Alinyamaza, akanywa chai. Akaniambia fundi mmoja alishamfuata anataka mlango ule wa kuserereka, bei nzuri, na alikuwa amekubali kimdomo. Tukatajiana bei, tukapunguziana, tukakubaliana kiasi ambacho mke wangu bado ananiuliza. Akaingia ndani akatoka na kadi ya gari iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni wa sukari, namba B, jina lake likiwa limefifia kwenye mikunjo. Kabla hajanikabidhi alinipeleka hadi chini ya mparachichi, akafuta kioo cha nyuma kwa kiganja. Vumbi lilipoondoka yakaonekana maandishi mekundu aliyoandikiwa Tunduma mwaka aliolinunua: ASANTE MAMA.

"Haya usiyafute," akasema.

Nikamwambia sitayafuta. Akamwita mjukuu aje awatoe kuku.